Pete Iliyozunguka Dengu

Machi 4

Mvua imeanza leo na kuba limefungwa. Bwana Shuka alipanda juu na turubai na kamba, akalifunika paa lile la duara akilibembeleza kama mgonjwa, kisha akashuka amelowa hadi soksi. "Basi tena, mdogo wangu," akaniambia, "nyota tutaonana nazo mvua ikikatika." Alisema hivyo mbele ya wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na wawili wakachekeana. Mimi ni mwalimu wa chuo, nina shahada ambayo Mama ameitundika sebuleni juu ya televisheni, na bado fundi wa darubini ananiita mdogo wake mbele ya watu ninaowasahihishia mitihani. Siku moja nitamwambia aniite Mwalimu, kama anavyowaita wenzangu.

Naandika humu kwa sababu msimu huu kazi ya juu haipo. Tunashuka chumba cha kompyuta, chini ya kuba, kuchambua picha tulizopiga wakati wa ukavu. Dari linavuja sehemu mbili na kila sehemu ina ndoo yake.

Machi 6

Mvua. Ndoo ya dirishani ilijaa kabla ya chai.

Machi 9

Bi Mkubwa amenigawia galaksi. Huyu ni mkuu wa idara. Jina hilo tulimpa sisi kwa siri, akalijua, akalipenda. Anastaafu mwisho wa muhula huu. "Ipime hii," akasema. "Umbali, ukubwa, mwanga, umri wa nyota zake. Kazi ya kutuliza akili."

Nikafungua picha, moyo ukanishuka. Wenzangu wamepewa zile zenye mikono iliyojisokota, ambazo watu huziweka kwenye kalenda. Yangu haina mkono hata mmoja. Ni sahani bapa iliyovimba katikati, basi. Ukiipata kwa ubavu ni punje ya dengu. Gesi ya kuzalia nyota mpya iliisha zamani, kwa hiyo nyota zilizomo zimezeeka pamoja, na mwanga wao ni wa manjano unaoelekea wekundu. Iko mbali kiasi cha miaka ya nuru milioni mia mbili: mwanga tulioupiga picha uliondoka kule kabla hapajawa na mtu wa kutazama chochote. Haina jina, ina namba ndefu kama ya simu. Nimeiita Dengu.

Machi 12

Dengu ina pete!

Nilikuwa nasinzia. Nikaongeza ung'avu wa skrini nione ukingo wa sahani unaishia wapi, na nje ya ukingo, mahali panapotakiwa kuwa giza tupu, kukawa na duara hafifu la mwanga limeizunguka pande zote. Nilifuta skrini kwa kiwiko, nikapunguza ung'avu, nikauongeza tena. Duara lilikuwa pale pale. Nilipiga kelele hadi Bi Mkubwa akaja na kikombe mkononi.

Alivua miwani, akaivaa, akavuta kiti. Galaksi ya aina hii ikiwa na pete maana yake imemeza jirani yake, imepata gesi upya, na nyota changa zinazaliwa ukingoni. "Ajuza huyu," akasema Bi Mkubwa, akigonga skrini kwa ukucha, "tulisema ameacha kuzaa, kumbe!" Sijawahi kumwona akicheka kwa meno yote.

Bwana Shuka naye alikuja, mikono ina grisi. Akasoma tarehe ya picha. "Mdogo wangu, hii ni jioni ile aliyozaliwa binti yangu! Basi kaja na bahati zake." Kisha akauliza kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa: "Shuka ulilitundika, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Bwana Shuka hatukumpa jina hilo bure. Kila machweo kabla ya kazi hutundika shuka jeupe mbele ya mdomo wa darubini na kupiga picha za weupe mtupu. Picha hizo hazionyeshi kitu ila maradhi ya kamera yenyewe, vumbi lake na pembe zake zenye kiza, na kompyuta huyatumia kusafisha picha za mbinguni. Anakunja shuka lile kwa adabu kama anakunja nguo ya mkwewe. Jioni ile aliitwa hospitali. "Tundika shuka, mdogo wangu, usinisahaulie," akasema akiwa ngazini, nami nikamjibu aende salama. Akaenda. Mbingu ilikuwa safi, nikaona nitapoteza muda mzuri kwa kitambaa. Nikachukua picha za weupe za mwezi uliopita, nikaziandika tarehe ya siku ile.

Zinafanana. Weupe ni weupe. Sioni sababu ya kujihukumu.

Machi 13

Niliota napokea mkono wa pongezi. Kichwa kimevimba, najijua.

Machi 16

Mama amewaambia watu wote wa mtaa. Nimepita kwa fundi cherehani, kanisimamisha: "Ni kweli umeona pete mbinguni?" Muuza mkaa naye kanipungia. Nikamwambia Mama apunguze chumvi, akanijibu bila kugeuka kwenye jiko, "Nipunguze nini? Ya mbinguni umeipata. Ya kidoleni lini?" Tukacheka wote wawili mpaka mwiko ukaanguka.

Machi 18

Bi Mkubwa ameituma taarifa ya pete kwa wenzetu wa vituo vingine, jina langu likiwa la kwanza. Pia amebadilisha hotuba yake ya kuaga. Alikuwa azungumzie miaka yake kazini, sasa atazungumzia Dengu. "Mtu akiondoka aondoke na kitu kipya mkononi," akaniambia. Kisha akajifanya anakohoa.

Machi 22

Leo nilitaka picha nyingine ya jioni ile ile ili nipime weusi wa anga. Nikachukua iliyopigwa pembeni, upande usio na galaksi yoyote, vinyota vichache tu vya njiani. Nikaongeza ung'avu.

Pete ilikuwepo. Pale pale, kipimo kile kile, imezunguka hewa.

Nilikaa nikiitazama hadi skrini ikajizima yenyewe. Halafu nikafungua nyingine, na nyingine. Zote zina pete, mahali pamoja pa picha, kuwe na kitu katikati au kusiwe. Dengu ilikaa katikati yake kwa bahati mbaya tu.

Naelewa kilichotokea na natamani nisingeelewa. Punje moja ya vumbi juu ya kioo cha kamera huacha kivuli cha duara. Mwezi ule wa picha za weupe nilizoiba, punje ilikuwepo. Kabla ya jioni yangu, Bwana Shuka alikuwa ameshakisafisha kioo, kwa sababu yeye husafisha. Punje haikuwepo tena, lakini mimi niliiambia kompyuta ipo. Nayo, kwa utiifu, ikaongeza mwanga pale ili kufidia kivuli ambacho hakipo. Pete ya ajuza, nyota changa, jirani aliyemezwa, yote ni vumbi lililofutwa zamani kwa kitambaa cha fundi.

Nimeona aibu peke yangu chumbani, hadi masikio yamewaka. Nitamwambia Bi Mkubwa kesho.

Machi 23

Alikuwa na wageni.

Machi 24

Mvua. Sikusema.

Machi 27

Leo alikuwa peke yake, mlango wazi, na mimi mlangoni. "Karibu, mama wa pete," akasema. Nikauliza kama ana karatasi za mtihani za mwaka jana. Akanipa. Nimezibeba hadi nyumbani na sina kazi nazo hata kidogo.

Aprili 2

Yamefika shingoni. Mwenzetu wa kituo kingine ameandika kwa upole kwamba wameipiga Dengu picha kwa darubini kubwa zaidi na hawajaiona pete. Anauliza kama tuliangalia vizuri picha za weupe.

Bi Mkubwa alituita ofisini, mimi na Bwana Shuka. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi aseme kwa sauti, na sauti ile ikafanya kila neno liwe kama karipio. Alisoma barua. Akaiweka mezani. "Nani alipiga weupe wa jioni hiyo?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ila Bwana Shuka alitangulia.

"Kosa ni langu, Bi Mkubwa."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaendelea, mikono nyuma. Siku ile mkewe aliposhikwa na uchungu, hospitali walimtaka aje na shuka safi. Nyumbani hakukuwa na lililokauka, yote yalikuwa yamefuliwa siku ile ile. Akachukua shuka la kazi kabatini. Akaacha lile kuukuu lenye viraka, akasema moyoni litatosha kwa jioni moja. "Huyu mdogo wangu nilimwambia atundike, sikumwambia shuka lenyewe ni lipi. Mwanga hupita kwa mabaka kwenye kuukuu. Weupe ukiwa na mabaka, picha zote zimekwisha. Nimewaaibisha."

Bi Mkubwa aliikunja barua. "Mali ya kazi ulipeleka leba?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Na ukanyamaza wakati tunatangaza?"

"Sikujua kama ndilo lililoleta pete. Leo ndiyo nimejua."

Mimi nilikuwa natazama kamba ya kiatu chake, iliyofungwa kwa fundo juu ya fundo. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu: sikulifungua kabati lile. Jioni ile kulikuwa na shuka kuukuu badala ya jipya, na mimi sikujua, kwa sababu hata mkono sikuunyoosha kwenye kitasa. Angekuwa ameacha kabati tupu nisingegundua mpaka leo.

Bi Mkubwa akanyoosha kiganja. Bwana Shuka akatoa funguo za kuba mfukoni, akazitenganisha na ufunguo wa nyumba yake, akaziweka pale. Mkataba wake unaisha mwisho wa muhula na Bi Mkubwa alisema hataupendekeza uendelee. Hakugomba. Bora angegomba.

Nikaulizwa kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa.

Aprili 3

Alinifuata chumba cha kompyuta. Nilidhani amekuja kunishika uongo, nikashika ukingo wa meza. Akavuta kiti, akakaa, akaitazama kofia yake magotini.

"Nisamehe, mdogo wangu."

Nikageukia skrini, nikabonyeza vitufe visivyo na kazi.

"Ulikuwa umefurahi sana siku ile. Nilimwambia mke wangu, yule binti kafurahi kama katoka jela. Nami ndiye niliyekuharibia." Akainuka, akaimwaga ndoo ya dirishani nje, akairudisha mahali pake kama kawaida, akaondoka.

Sijawahi kujichukia hivi. Namchukia na yeye kidogo, nalo nalisema: kwa nini awe mwema leo? Kama angenitukana ningepata pa kuanzia.

Aprili 5

Mama amesikia. Sijui nani kampelekea. Nimekuta anamwambia fundi cherehani kibarazani, "Wivu tu! Mafundi hao, wakiona mtoto wa mwenzao anapanda, wanamvuta mguu." Nikamwambia, "Mama, usimseme mtu usiyemjua." Akanijibu, "Nimjue wa nini, aliyemtia mwanangu aibu?" Nikaingia ndani, nikavua viatu, nikakaa kitandani navyo mkononi.

Mama yangu, ambaye hajawahi kumsema mtu nyuma ya mgongo, amejifunza leo kwa ajili yangu.

Aprili 6

Kuba halina mtu wa kulitazama. Turubai limechomoka upande mmoja na linapiga piga. Wanafunzi wanauliza Bwana Shuka yuko wapi. Wamemweka stoo ya viti.

Aprili 9

Nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Nikafunga mlango, nikapiga moyo konde, nikasema yote: kwamba hakuna shuka lililotundikwa, si jipya wala kuukuu, na kwamba weupe ulikuwa wa mwezi wa nyuma.

Alikuwa anapanga vitabu kwenye maboksi. Hakuacha kupanga.

"Mvua hii," akasema, "hakisikiki anachosema mtu."

Ilikuwa manyunyu tu. Nikarudia. Akageuka, na nikaona amechoka, uso wake wa kweli, ule anaouficha darasani.

"Mwanangu, nimewaandikia watu kwamba ni hitilafu ya fundi. Wamekubali. Fundi mwenyewe amekubali. Sasa unataka niwaandikie tena, wiki zangu za mwisho, kwamba niliyemweka jina la kwanza alibadilisha tarehe? Wewe nimekulea humu. Yeye atapata kazi, fundi hakosi kazi. Wewe hutapata. Nenda nyumbani."

Nikaenda. Hili ndilo la kuandika kwa wino mzito: nilipofika nje nilihisi nafuu. Nimesema, hajataka kusikia, basi nimetua mzigo. Nilitembea hivyo mpaka kituoni, mwepesi kabisa, kabla sijakumbuka stoo ya viti.

Aprili 13

Mama amenipigia pasi gauni la hotuba. Anakuja, atakaa mbele.

Aprili 14

Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu wa idara zote, wanafunzi, na wageni waliovaa tai. Mama alikaa safu ya pili na mkoba magotini. Bwana Shuka alikuwa nyuma kabisa karibu na mlango, amesimama, kwa sababu ndiye aliyepanga viti na alikuwa amewaachia watu vyote.

Bi Mkubwa alizungumza vizuri. Aliiweka Dengu ukutani, kubwa, bila pete safari hii, nami nikaiona kwa mara ya kwanza ilivyo. Sahani iliyotulia, tumbo la mwanga katikati, ukingo unaofifia taratibu hadi hujui umeishia wapi. Haikuwa imemeza mtu. Alisema haya na haya: umbali wake, umri wake, kwamba ilikuwa na gesi ikaimaliza, na sasa inang'aa kwa ilichonacho. Ilipendeza kuliko nilivyoipamba. Nikajisikia vibaya kwa ajili yake pia, ingawa ni upuuzi kuionea haya galaksi.

Kisha akasema, "Mlisikia habari za pete. Ilikuwa hitilafu ya kiufundi, na aliyehusika amewajibishwa."

Baadhi ya watu wa idara waligeuza shingo kutazama mlangoni. Bwana Shuka akatazama chini. Na hapo Mama akamgeukia, mama yangu mwenyewe, akasonya. Msonyo mrefu, ukumbi mzima ulisikia.

Nilisimama. Sikuamua kusimama. Gauni lilikwama kwenye kiti, nikalivuta, likachanika kidogo.

"Sikutundika shuka," nikasema.

Watu wakanitazama. Mgeni mmoja wa tai akamnong'oneza jirani yake. Nikarudia kwa sauti zaidi, "Jioni ile fundi aliniomba nitundike shuka na sikutundika. Kabati sikulifungua. Nilichukua picha za siku nyingine nikabadilisha tarehe. Yeye hana kosa. Kosa lote ni langu."

Kukawa na kicheko kidogo huku na huku. Walidhani nazungumzia kufua! Mwanafunzi mmoja aliziba mdomo. Nilikuwa nimengoja wiki tatu ardhi ipasuke, na kumbe ukumbi mzima haukuelewa ninachosema. Walioelewa uzito wake tulikuwa watatu: mimi, Bi Mkubwa aliyeshika meza kwa mikono miwili, na yeye mlangoni.

Alinyanyua uso. Nilitegemea hasira, au ile huruma yake. Alikuwa anakokotoa. Nilimwona anarudi jioni ile, ngazini, hospitali, kabatini, ofisini mikono nyuma, stoo ya viti, kwangu na kofia magotini. Alipofika hapo pa kofia akaufungua mlango taratibu, akatoka.

Tulipofika nyumbani Mama akakaa jikoni bila kuwasha taa, kisha akauliza, "Yule nimemsonya bure?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele za watu."

"Ndiyo."

"Anakaa wapi? Kesho utanipeleka."

Aprili 15

Tulikwenda. Mkewe alitupokea, mtoto mgongoni. Bwana Shuka alikuwa ametoka. Mama aliomba radhi kwa yule mwanamke, amesimama, hakukubali kiti. Nami nikaomba yangu, ila ilitoka kama kitu nilichokariri. Kwenye kamba uani kulikuwa na shuka jeupe limeanikwa chini ya kibati, safi, bila doa.

Aprili 17

Bi Mkubwa ameandika upya kwa wale wote, na safari hii jina langu ni la kwanza tena. Nimepewa onyo la maandishi. Funguo amemrudishia Bwana Shuka kule stoo ya viti, kwa miguu yake, na mkataba ameupendekeza. Kwangu alisema tu, "Ungenisikiliza, ungelala." Sijui. Nimelala.

Aprili 20

Manyunyu. Bwana Shuka ameonekana juu anafunga turubai lililochomoka. Sikupanda.

Aprili 29

Mvua imekatika. Leo kuba limefunguliwa kwa mara ya kwanza tangu niliposhika kalamu hii, na mlango wake ulilia kwa kutu. Tuliamua kuirudia Dengu upya, tangu mwanzo, maana vipimo vyote vya jioni ile vimetupwa.

Nilipanda kabla ya machweo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwepo. Bwana Shuka alitoa shuka kabatini, likiwa limekunjwa kama kawaida yake, na mikunjo ilinuka sabuni. Shuka lile ni pana, haliwezekani kwa mtu mmoja vizuri. Miaka yote amekuwa akihangaika nalo peke yake, na sikuwahi kujiuliza. Nikasogea, nikashika ncha mbili za upande wangu. Hakunikataza. Tulilitandaza mbele ya mdomo wa darubini hadi likanyooka, jeupe tupu kati yetu, na wanafunzi wakasogea kututazama.

Nilingoja aseme neno. Lolote, hata la kunitania mbele yao.

"Vuta kidogo upande wako," akasema kwa adabu kamili. "Hapo hapo. Asante, Mwalimu."